Mikunga Waliokosa Hamu ya Kula

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Kompyuta imemaliza kupiga hesabu saa nne asubuhi, ikaniletea jibu nisilolitaka.

Kazi yangu hapa ofisi ya samaki ni bahari ya kompyuta. Nimeikata pwani yetu yote vipande vya mraba. Kila kipande nimekipa kina chake, joto lake, nyasi zake na wanyama wake: nani anamla nani, na kwa kiasi gani. Halafu nabonyeza, na miaka kumi inapita kabla chai haijapoa. Mimi ndiye ninayeamua pweza afe lini! (Mkurugenzi asisome hapa.)

Jibu lenyewe: pweza wachanga wamejaa mwamba wa kaskazini. Maana yake kamati ya uvuvi inayokutana Ijumaa itaufunga mwamba huo miezi mitatu, asiguse mtu, ili wakue. Na mwamba wa kaskazini ni wa nani? Wa Shangazi! Si kwa hati, kwa miguu. Kila maji yakipwa yuko pale na fimbo yake, anachokoa mashimo. Ndiye aliyenilea tangu darasa la pili, na mpaka leo nakaa kwake, nakula kwake. Afungiwe mwamba na mtoto wa kaka yake mwenyewe? Haki ya Mungu sikubali.

Isitoshe, shangazi asiye na mwamba ni shangazi wa kushinda nyumbani, na shangazi wa kushinda nyumbani atataka kujua kwa nini sijaoa.

Sijamwambia kitu. Mshtuko si mzuri kwa mtu wa makamo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Adui wa pweza ni mkunga, yule samaki mrefu mwenye sura ya nyoka. Nikiwapunguzia mikunga wa kusini hamu ya kula, pweza wa kusini watajaa, na kamati itafunga kusini. Kusini hakuna shangazi wa mtu ninayemjua.

Nimeshusha hamu hadi nusu. Kaskazini bado inaongoza. Robo. Bado! Nikapiga moyo konde, nikaandika sifuri.

Mpimaji kapita nyuma yangu, nywele bado zinachuruzika maji ya chumvi. Huyu dada ndiye anayezamia na fremu yake ya waya kuhesabu viumbe kwa macho, basi anajiona yeye ndiye bahari yenyewe. Akauliza mbona natabasamu peke yangu. Nikajitia hamnazo. Akasema hesabu zangu za jana amejiwekea nakala, ndiyo kawaida yake. Kimbelembele tu.

Jumatano, 5 Machi

Kasheshe. Mikunga wasiokula wamekufa kwa njaa. Hilo sikulifikiria. Pweza wakajaa kweli, wakamaliza kaa wote, wakaanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Kufika mwaka wa tatu, kusini nzima amebaki pweza mmoja, mnene.

Nikaongeza kaa. Wakaliwa. Nikaongeza tena. Kufika alasiri nimemwaga kaa mia tisa kwa kila mita ya mraba, na pweza wameshiba, wametulia, ramani ya kusini imeiva nyekundu kama nyanya. Safi! Hesabu za mwanzo nimezifuta kabisa. Sitaki ushahidi.

Nyumbani nimemkuta Shangazi anaanika nguo huku anaimba. Kasema Ijumaa ana mkutano mkubwa. Sikuuliza wa nini, mambo ya akina mama hayo. Masikini, hajui nilivyomhangaikia. Nusura machozi yanitoke.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu! Aibu! Aibu!

Ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Nikaonyesha ramani yangu, nikasema kusini ndiko kwa kufunga, kaskazini hakuna kitu. Mwenyekiti wa kamati akaitikia kwa kichwa vizuri tu. Ndipo Mpimaji akanyoosha mkono. Akataka kujua kaa mia tisa kwenye mita moja wamekaaje, wamepandana? Nikamwambia ni msimu wao. Akasema jana kazamia pale pale, kahesabu kaa wanne na pweza wawili. Nikasema pengine wengine walikuwa wametoka. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kicheko hakijaisha, mama mmoja akasimama safu ya tatu, kavaa nguo yake ya harusini. Shangazi! Kumbe ndiye msemaji wa wachokoa pweza wote!

Akaiambia kamati kwamba mwaka wa pili huu wao wenyewe wanaomba kaskazini ifungwe. Pweza wanaowapata sasa hawazidi ngumi ya mtoto. Hawakupewa nafasi ya kupumua, watakuaje? Akina mama wamekubaliana, wamejipanga kwa miezi mitatu, wanangoja ruhusa tu. Kisha akanigeukia akauliza nani kaniambia kaskazini hakuna kitu, wakati yeye yuko pale kila siku na mimi sijawahi kulowa hata kifundo. Na akaniita kwa jina langu la utotoni, mbele ya Mkurugenzi. Silitaji humu.

Mwenyekiti kasema hesabu za kweli zisipofika Jumatatu, suala linasogezwa hadi mwakani. Mwaka mzima mwingine wa pweza wa ngumi! Shangazi aliondoka bila kunitazama. Imeniuma, imeniuma kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Hesabu za mwanzo sikumbuki hata moja. Mkunga alikuwa anakula kiasi gani jamani?

Nimeenda kwa Mpimaji kuomba nakala yake, mkia katikati ya miguu. Hakunikatalia. Alinipa fremu ya waya kwanza, akanipeleka mwambani, nikahesabu kaa hadi maji yakajaa. Nimepata watano. Watatu wameniuma.

Jumatatu, 10 Machi

Imepita! Kaskazini inafungwa mwisho wa mwezi. Shangazi kanikumbatia, kanipakulia mara mbili. Kanisihi jambo moja tu: siku nyingine nikitaka kumsaidia, nimuulize kwanza. Nikaapa, mkono kifuani. Nimekuwa mtu mpya.

Jumatano, 2 Aprili

Mwamba umefungwa juzi. Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta Shangazi sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, redio pembeni, macho kafumba. Akashusha pumzi ndefu, ndefu sana.

Moyo ukanipasuka. Anajikaza tu, kumbe anaumia! Nilitaka kumuuliza, nikaona nitamtonesha kidonda.

Pweza wa kwenye kompyuta wakikua kwa kasi mara mbili, mwamba unafunguliwa mwezi ujao na Shangazi anarudi kwenye mashimo yake. Ni namba moja tu. Nimerudi ofisini jioni hii hii, Mpimaji akiwa bado baharini, nikaibadilisha, na nakala yake nimeifuta pia. Kamati inakutana Jumatatu.

Sijamwambia Shangazi. Atafurahi mno.