Barua ya Posa Ndani ya Sanduku la Kijapani

Jumamosi, 7 Juni 2025
Newtown, hapa Johannesburg, sokoni. Nimepata cha kummaliza Cédric! Sanduku dogo la mbao kutoka Japani, limepambwa kwa vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali, nyota juu ya nyota. Halina ufunguo wala tundu. Unasukuma ubao wa pembeni kidogo, kisha wa chini, kisha unarudia. Hatua kumi na mbili, ndipo kifuniko kinateleza. Mimi fundi fanicha miaka tisa, sijaona kazi safi hivi. Barua yangu ya posa kwa Héritière imeingia humo, kurasa nne. Cédric, mlinzi wa Sandton anayemtaka Héritière pia, atapeleka yake kwenye bahasha ya kaki. Maskini.

Halafu nikaona limepauka kidogo. Nikalipaka vanishi mara mbili. Linang'aa hadi naona meno yangu.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada, La Rochelle, kwa Papa Théodore, fundi cherehani. Ni baba mdogo wa Héritière na ndiye mwenye neno katika ukoo wao hapa Joburg. Nikaweka sanduku mezani, nikatangaza kwamba leo wataona akili ya mkwe. Nikasukuma ubao wa pembeni. Wapi. Nikasukuma wa chini. Jasho, na baridi yote hii. Vanishi imegandisha mbao zote. Papa Théodore akaniuliza kwa upole kama nimeleta posa au tofali. Akasema eish, barua isiyosomeka bado si barua. Sanduku libaki kwake, lakini Jumapili ijayo anasoma ya Cédric. Héritière hakuniangalia. Imeniuma.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda na mashine ya kukaushia nywele, niilainishe vanishi. Imetoa harufu tu. Papa Théodore amekohoa mpaka akaacha cherehani. Jioni Héritière akapiga simu, akanisihi niandike barua nyingine, ukurasa mmoja unatosha. Nikamjibu kwamba mtu mwenye akili haandiki mara mbili. Akakata simu.

Jumamosi, 14 Juni
Mama Léocadie, mke wa Papa Théodore, amechoka kuona wanaume wakisukuma mbao. Amelitumbukiza sanduku kwenye beseni la maji ya moto, kama sufuria iliyoungua. Nilipofika nyota zilikuwa zimebanduka, zinaelea kama maganda ya vitunguu. Kifuniko wazi. Barua chapachapa. Wino wote umekwenda: ukoo wangu, sifa zangu, karakana nitakayofungua. Umebaki mstari wa mwisho, niliouandika kwa penseli ya useremala kalamu ilipoishiwa: nampenda Héritière, na nikiwa mbele yake maneno hunikimbia.

Papa Théodore akausoma kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Akausoma tena, polepole. Héritière akakimbilia jikoni analia, na Mama Léocadie akaniambia nikae, hicho si kilio cha huzuni. Cédric amepigiwa simu asijisumbue kesho.

Jumapili, 15 Juni
Nimekabidhiwa orodha ya mahari. Suti ya Papa Théodore, ingawa yeye ndiye mshonaji. Vitenge sita vya Mama Léocadie. Mablanketi. Chini kabisa, kwa mwandiko wa Héritière: mchumba asilete tena sanduku la aina yoyote.

Nimesoma mara tatu. Sanduku. Kule Newtown kuna kabati la Kijapani lenye droo saba zisizoonekana, na suti ingekaa vizuri kabisa kwenye ile ya saba. Kabati halikutajwa popote.