Ombi la Lango Kuu Kuandikishwa Kuwa Mnyama wa Pori

Kibanda cha Funguo,
Magofuni.

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Wanyamapori na Mambo ya Kale,
Makao Makuu.

Ndugu Mkurugenzi,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima wa afya, na kiti chako kikiwa bado ni chako. Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini huo si mali ya Idara, kwa hiyo sitauingiza kwenye malalamiko.

YAH: OMBI LA LANGO KUU KUANDIKISHWA KUWA MNYAMA WA PORI

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule mama wa funguo anayetunza magofu. Siku uliyokuja kuzindua ziara mpya, mimi ndiye niliyekushikia mwavuli. Ulisema kwenye kipaza sauti kwamba kuanzia siku hiyo wanyama na mambo ya kale ni kitu kimoja, mgeni atawaona wote kwa safari moja, na bango likafunuliwa: SIMBA ASUBUHI, WAFALME JIONI. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na mwavuli ukakudondokea. Naomba radhi tena.

Sasa nimeona ni vizuri nikueleze jinsi neema hiyo inavyotuendea huku chini. Naandika kwa unyenyekevu, kama binti anavyomwandikia babaye, ingawa nasikia kwa umri mimi ndiye mkubwa.

1. Kuhusu ratiba. Wageni huletwa kwangu jioni, wakiwa wameshashiba simba. Wana vumbi mpaka kwenye kope, na tangu asubuhi wameambiwa kwamba atakayeshuka garini ataliwa. Kwa hiyo wakifika kwangu hawashuki. Wanapandisha vioo, wanakaa kimya wakilitazama Lango, wakingoja lifanye kitu. Lango, kwa tabia yake, halifanyi. Wiki iliyopita bibi mmoja mwenye kofia pana alishusha kioo kiasi cha kupitisha pua, akaniuliza wafalme huwa wanatoka saa ngapi. Nikamwambia, mama yangu, walishatoka, umewakosa kidogo tu. Akasikitika sana. Akasema kule kwa simba walingoja na wakatoka.

Siku hiyo wageni walishuka mwishoni, lakini ni kwa sababu ya paka wangu. Ni paka wa jikoni, wa madoadoa, mnene, tunamwita Karani kwa kuwa hulala mchana kutwa na akiamka anauliza chakula. (Jina alipewa na shemeji yangu, makarani wako wanisamehe.) Karani alikatiza mbele ya Lango akipeleka mimba yake kivulini, na gari zima likamwagika chini kumpiga picha. Walikuwa wanamwambia mwenye kamera asogee kushoto, maana Lango lilikuwa linamziba paka.

2. Kuhusu mwongozaji wenu, ambaye sote tunamwita Darubini kwa sababu haivui shingoni, hata msibani alikuja nayo. Ni mtu mwema, ananiamkia vizuri kila jioni, na wanyama anawajua. Tatizo ni kwamba amepewa pia mawe, na mawe hakuyasomea, basi anayaeleza kwa kile alichonacho. Akifika anashuka kwa ncha za vidole. Anawanong'onezea wageni kwamba hili ni dume zee, limefukuzwa na wenzake, ndiyo maana liko peke yake. Majani yanayoning'inia juu anayaita ndevu. Nilimvuta pembeni nikamwambia, mwanangu, lile ni jiwe, lilichongwa na watu. Akaniambia, mama, usiniharibie, wenzako wameshaanza kulia. Nikageuka, na kweli wawili walikuwa wanafuta macho. Mmoja alitaka kujua kama halitaweza tena kurudishwa kundini.

3. Kuhusu matibabu. Mume wa dada yangu ni askari wa wanyamapori. Alikuja kula kwetu mwezi uliopita, na kutwa nzima mazungumzo yakawa ni mwiba. Simba wenu mmoja alichomwa na mwiba unyayoni. Ikaja helikopta. Akashuka daktari, akashuka msaidizi wa daktari, akashuka mtu wa kumpiga picha daktari. Simba akadungwa sindano ya usingizi, na shemeji akapewa heshima ya kushika mkia. Dada yangu anasema tangu siku hiyo mkono ule haugusi vyombo vichafu. Mimi nilifurahi kutoka moyoni, maana hata simba ana mola wake. Ila nikasema, shemeji, na Lango letu nalo lina ufa. Akatafuna kwanza, kisha akaniuliza: linachechemea?

Ufa huo, Ndugu Mkurugenzi, mwanzo uliingiza kidole. Baadaye kiganja. Leo unaingiza mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, na mimi si mwembamba. Niliiandikia ofisi yako, nikajibiwa kwamba mtaalamu wa nyufa yuko kwenye semina ya nyufa. Niliandika mara ya pili, nikajibiwa kwamba semina ilifana sana. Basi nikachukua shuka langu kuukuu nikalifunga Lango pale penye kidonda, nikaegemeza na gogo. Wageni wamelipiga picha shuka. Darubini amewaeleza kwamba lilipigana.

4. Kuhusu chanzo cha ufa. Sipendi kusema vibaya mtu yeyote, sembuse gari. Lakini gari la ziara lina kichanja cha mizigo juu ya paa, na Lango lina kimo lilichopewa na waliolijenga, ambao nadhani hawakualikwa kwenye uzinduzi. Njia ya miguu ya kuzunguka ipo, naifagia mwenyewe. Ila ukipita kwa miguu unatembea hatua chache, na ratiba haina hatua. Kwa hiyo kila jioni gari linapenya chini ya Lango, na kila jioni wawili hao wanakwaruzana. Unasikia krrrr, kama mtu anayesaga meno. Unga mweupe unawamwagikia wageni vichwani. Darubini anasema linajikung'uta.

Simba gani, Ndugu Mkurugenzi, anapitiwa na gari katikati ya miguu?

5. Simba wenu wote wana majina. Wanafanyiwa sikukuu ya kuzaliwa, nimeona keki kwenye kalenda ya Idara. Lango langu lina namba. Imepakwa kwa rangi nyekundu, usoni, na aliyeipaka aliikosea akaifuta kwa kuchora nyingine pembeni.

6. Hili ndilo lililoniondolea usingizi. Msaidizi wako ameniletea taarifa kwamba, baada ya uchunguzi, Lango limeonekana ni hatari kwa gari. Sikukosea kusoma, nilimpa na jirani aisome. Lango, lililosimama pale tangu kabla ya kuzaliwa bibi wa bibi yangu, linaligonga gari. Kwa hiyo libomolewe kabla ya mvua, mawe yapangwe vizuri pembeni, na mahali pake pawekwe bango lenye picha ya Lango. Msaidizi wako ameongeza kwa upole kwamba bango litakuwa pana kuliko Lango lenyewe na gari litapita bila shida.

Nimekaa na jambo hili moyoni nikaliombea. Nikuambie kitu ambacho hakihusu Idara. Mama yangu alifagia hapa kabla yangu. Upande wa kulia wa Lango, kwa ndani, kuna jiwe moja lililolainika kama sahani. Si wafalme waliolilainisha. Ni mgongo wa mama, akipumzika adhuhuri, na baada yake mgongo wangu. Nikiegemea pale naona nimemwegemea yeye. Nilijifunza sala zangu zote hapo, yeye akitangulia neno, mimi nikifuata. Sasa sijui kwenye bango nitaegemea wapi.

Lakini machozi si hoja, nimeambiwa ofisini mnataka hoja. Basi hoja yangu ni hii.

Nimemuuliza shemeji ni mnyama gani anayelindwa zaidi ya wote. Akasema ni yule aliyekaribia kwisha. Wakibaki wachache, wanawekewa uzio. Wakibaki wawili watatu, wanawekewa askari mchana na usiku. Nikamuuliza, na akibaki mmoja? Shemeji akavua kofia. Akasema huyo, shemeji, hata Mkurugenzi akitaka kumwona anaomba ruhusa.

Ndugu Mkurugenzi, Lango limebaki moja. Halina jike, halina dume, haijulikani kama lilijaliwa watoto. Simba wanazaana bila kibali cha mtu yeyote; hili likianguka, hata likilaliana na ukuta wa nyuma miaka yote, halitatupa jingine. Kwa sheria zenu wenyewe, ndilo mnyama adimu kuliko wote mlio nao. Halili ng'ombe wa watu. Halijawahi kuvuka mpaka. Halijamkimbiza mgeni. Kwa tabia, kusema haki, limewazidi simba wote, na baadhi ya wafanyakazi.

Kwa hiyo naomba liandikishwe kuwa mnyama, na kuanzia siku hiyo lipewe stahili zake: daktari aje, kwa helikopta au kwa baiskeli, mimi sichagui, magari yasimame mbali kama mnavyosimama kwa simba mwenye watoto, na livalishwe ule mkanda wa shingoni unaoonyesha kwenye kompyuta mnyama yuko wapi. Najua Lango halihami. Lakini nimegundua kwamba kwenu kitu kisichoonekana kwenye kompyuta hakipo, na mimi nataka liwepo.

Ikiwa kanuni haziruhusu, basi naomba usawa upatikane kwa njia nyingine, yaani simba watunzwe kama Lango. Wapakwe namba usoni. Wapewe mama mmoja mwenye ufagio. Akichomwa mmoja na mwiba, mtaalamu apelekwe kwenye semina ya miiba. Na mkiona simba amekwaruzwa na gari, abomolewe, apangwe vizuri pembeni. Baada ya msimu mmoja tuwahesabu wote kwa pamoja, Mungu akitupa uhai, tuone nani amebaki kumwonyesha mgeni.

Sina chuki na simba. Ni kiumbe wa Mungu, na Mungu alimjalia meno na helikopta. Lango alilijalia mimi. Ndiyo maana naandika.

Nisalimie mama watoto na watoto, msaidizi wako na mwandiko wake mzuri, dereva wako, na yule dada wa mapokezi aliyenipa maji siku ile nilipongoja hadi mkafunga. Shemeji anakusalimia kwa ule mkono wake. Nawataja wote kwenye sala ya alfajiri, na wewe nakutaja wa kwanza, kwa kuwa kazi yako ina majaribu mengi.

Ni mimi mnyenyekevu wako, ninayefagia kwa niaba yako,

Mama Funguo

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Barua hii ilikaa ndani ya kitabu changu cha sala ikingoja mtu wa kwenda mjini, na katika kungoja mambo yamegeuka, kwa hiyo naomba usihangaike na yote niliyoandika hapo juu. Lango lisiandikishwe. Halihitaji tena.

Jumatatu Darubini alifika, akasimamisha gari mbali kidogo ili wageni wajinyooshe, akapandisha darubini yake. Akaganda. Akasema kwenye chumba kidogo walimokaa walinzi wa zamani, juu ya Lango, kuna chui jike na watoto wanne. Akapiga redio. Kesho yake asubuhi shemeji alikuja na wenzake, wakafunga njia. Gari haliruhusiwi kukaribia, wala mtu, isipokuwa mimi, kwa kuwa, wanasema, chui amenizoea. Watu wa kubomoa waliokuja na nyundo walirudishwa na shemeji mwenyewe akiwa na bunduki. Jumatano akaja fundi na nguzo za chuma, akalitegemeza Lango kila upande na kuuziba ufa kwa dawa nzuri, ili lisije likawaangukia watoto. Mtaalamu wa nyufa naye aliletwa. Mtu mpole sana. Wageni sasa wanakaa mbali wakilitazama Lango hadi jua linazama, hawasinzii, na kila pazia la majani likitikisika wanashikana mikono.

Ndugu Mkurugenzi, kusema uongo ni dhambi, na mimi sijasema uongo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Wote wameuliza kwa darubini. Lakini moyo hautulii mpaka nikuambie wewe uliye mkubwa wetu: ni Karani. Amejifungua salama, watoto wote wana madoadoa kama mama yao. Nimekuandikia ukweli huu hapa mwishoni kabisa, maana barua zangu mbili zilizopita zilipojibiwa niliona hamkusoma mpaka huku.

Nasikia daktari anakuja na helikopta kumpima mzazi. Naomba aje na maziwa. Nyama anaitazama tu.