Moja Nukta Sita Mara Mbili

Jumatatu, 6 Agosti 2007
Mzee Jeremy wa Lavington amefariki. Mungu amlaze pema. Mkewe, Mama Shiku, kaja studio yangu hapa Dagoretti Corner, macho mekundu. Mwaka jana nilipiga video ya harusi ya Shiku, kanda ninayo. Mle mzee anasimama kutoa shukrani, kisha anamgeukia mkewe. Mama Shiku hakumbuki aliambiwa nini, alikuwa akilia. Anataka kuyasikia maneno hayo Jumamosi, kanisani. Nikamwambia, wacha wasiwasi, mama. Nikifaulu, misiba yote ya Lavington ni yangu!

Isaiah wa Adams Arcade ana kompyuta ya kuhariri video. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera. Siku hizi ananiita mzee wa picha za pasipoti. Tutaona.

Jumanne, 7 Agosti
Mjini. Nimenunua programu ya kuhariri. Boksi linasema prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iwe ya kasi ya gigahezi 2.4 kwenda juu. Laptop ya bei nafuu dukani kwa Viraj ni 1.6. Lakini prosesa yake ina viini viwili! 1.6 mara mbili ni 3.2. Na 0.8 ya akiba!

Viraj akacheka. Akasema, rafiki yangu, funga punda wawili kwa mkokoteni mmoja, mzigo watavuta zaidi, mbio ni zile zile. Chukua hii ya 2.4. Nikaona bei yake, lo! Nikamjibu hesabu sikufundishwa na punda. Muuzaji anayekukataza cha rahisi ana lake jambo. Nikabeba ya 1.6.

Alhamisi, 9 Agosti
Programu imekataa. Eti kasi iliyopo ni 1.6, inatakiwa 2.4. Mashine nzima haijui kuzidisha! Nikakuta mahali pa kubonyeza ili iendelee hivyo hivyo. Nikabonyeza. Kanda imeingia yote, lakini picha zinapanda kama lori la mawe mlimani. Bibi harusi ameinua kipande cha keki tangu saa nne. Hadi chakula cha mchana hakijafika mdomoni.

Isaiah kapita, kachungulia. Akasema, lete kanda, mzee, nitakufanyia bure, huu ni msiba. Bure! Ndivyo mtu anavyoibiwa marehemu wake. Nikamfukuza.

Jumamosi, 11 Agosti
Asubuhi sina kanda mpya ya kurekodi ibada. Nikatumia ile ya harusi. Si harusi iko ndani ya laptop? Akili ni mali.

Zamu yangu ikafika, nikawasha projekta. Mzee akatokea ukutani, mkubwa, soda mkononi, juu ya jeneza lake mwenyewe. Akasema, Mama Shiku, hata nikitangulia, kumbuka...

Akaganda. Mdomo wazi.

Nikabonyeza kila kitu. Mjukuu mmoja akauliza kwa sauti kama guka anapiga miayo. Halafu harufu ya kuungua, na ukuta ukawa mweusi. Laptop haijawaka tena.

Isaiah akaja mbio. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaninong'oneza: kanda, mzee, kanda iko wapi?

Ilikuwa ndani ya kamera, begani mwangu. Taa nyekundu ya kurekodi bado inawaka.

Jumatatu, 13 Agosti
Mama Shiku kaja. Hakugomba. Aliuliza tu: wewe ulikuwa nyuma ya kamera, aliniambia nikumbuke nini?

Sijui. Siku ile nilikuwa nikipigia hesabu betri. Nikamwambia: kumbuka kufunga geti.

Akacheka huku analia. Akasema ndiye yeye kabisa, maisha yake yote ni geti, geti. Akanishika mkono, akanishukuru, akaenda zake.

Kwa hivyo mteja ameridhika. Kosa lilikuwa moja tu: 3.2 haikutosha. Viraj bado ana zile za 1.6. Nikichukua mbili, viini vinne, ni 6.4! Isaiah atalia.

Mzee Jamleck, jirani wa marehemu, alikohoa vibaya sana pale makaburini. Nimempelekea machungwa. Na kadi yangu.