Uso Uliogombea Kaunta

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Itangazwe kuanzia leo, kwa yeyote atakayelifungua daftari hili bila ruhusa (yaani mke wangu), kwamba pua yangu na mashavu yangu mawili yamepewa jina la kitaalamu. Rozasia. Daktari wa ngozi alilitamka taratibu, nami nikajikuta nimekaa wima. Miaka mitatu watu wananiuliza kama nimelewa. Sasa nina jibu lenye silabi nne.

Haiponi kabisa, kasema. Hufugwa, kama mbwa mkali: unajua anachokichukia, humchokozi. Masharti: uso uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na harufu, ukaushwe kwa kugusagusa bila kusugua. Krimu jioni, kiasi cha punje ya njegere. Mafuta ya kuzuia jua kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Chai ipoe kwanza. Pilipili basi. Kitu kipya chochote kijaribiwe nyuma ya sikio siku kadhaa kabla hakijafika shavuni. Na kila uso unapowaka niandike umewashwa na nini.

Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia napiga pasi ya mvuke kwa dobi, saa tisa kwa siku.

Akaweka kalamu chini.

Kumbe ule mchanga ninaousikia ndani ya kope si vumbi. Ni ugonjwa ule ule, umeanza kugusa macho. Nikiendelea kusimama mvukeni, krimu itakuwa kazi bure, na macho yenyewe hayachezewi. Akasema nizungumze na mwajiri.

Nizungumze na mwajiri! Mwajiri ni Mama, mwenye duka, mwanamke anayeona kifungo kilicholegea kutoka ng'ambo ya barabara. Mwaka juzi aliniuliza uso una nini. Nikamjibu ni bidii. Sasa nitairudishaje bidii?

Ila leo leo bahati imebisha hodi. Dada wa kaunta anaacha kazi. Kaunta! Feni, mlango wazi, mvuke hakuna. Mama katangaza kwamba sisi wawili wa pasi tutajaribiwa, kila mmoja siku nzima: mimi Alhamisi, Sahani Ijumaa. Jumamosi anaamua.

Sahani ni mwenzangu wa pasi ya pili. Tunamwita hivyo kwa ajili ya uso wake: mviringo, laini, hauna hata alama ya mbu. Tunasimama mvuke mmoja, mwenzangu anatoka aking'aa. Simwamini.

Umewashwa na nini: mvuke. Na Sahani.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Balaa.

Jana jioni nilisoma karatasi ya ndani ya boksi. Eti krimu huonyesha matokeo baada ya wiki sita hadi nane. Wiki sita! Nina siku mbili. Nikapiga hesabu: ikiwa punje moja huchukua wiki sita, punje ishirini zitachukua siku mbili na chenji. Hesabu safi, haina mashaka.

Mke wangu akanikuta mbele ya kioo, akasema, baba watoto, mbona umekuwa keki? Akanikumbusha kuwa daktari alisema njegere. Nikamwambia hakusema njegere ngapi.

Asubuhi ngozi imekaza kama ngoma na kando ya pua inabanduka. Inachoma nikitabasamu. Bahati nzuri sina sababu ya kutabasamu.

Mama alipita mvukeni saa nne. Akanitazama. Hakusema kitu. Mama akisema, unajua umesimama wapi. Akinyamaza, mtu unaanza kukumbuka hata makosa ya utotoni.

Sahani naye akanisogelea na chupa ya maji ya baridi. Kaka, jipoze kidogo, leo joto limezidi. Kwa sauti! Ili Mama asikie kwamba nimeshindwa na joto! Nikamwambia sina kiu. Nilikuwa na kiu mpaka saa nane.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimefikiri kama mtaalamu. Miaka kumi na moja mimi ni fundi wa madoa. Damu: maji ya baridi. Wino: spiriti. Mvinyo mwekundu kwenye kitambaa cha meza: siki nyeupe, dakika kumi, suuza. Sasa nauliza: wekundu juu ya kitu ambacho hakikuzaliwa chekundu unaitwaje?

Doa.

Saa ya mapumziko nikajifungia stoo na kitambaa safi na chupa ya siki. Nikafanya kwa utaratibu wote wa kazi, kutoka ukingoni kwenda katikati, ili doa lisisambae.

Dakika ya kwanza, ubaridi. Nikatabasamu licha ya maumivu. Dakika ya pili nikasikia sauti nyembamba ikilia stoo. Ilikuwa ya kwangu.

Sahani akagonga mlango. Kaka, uko salama? Nikajibu natafuta vifungo. Akaniuliza kwa nini navitafuta nikilia. Nikasema ni vifungo vya marehemu. Sijui nilimaanisha nini. Akasema pole sana.

Baadaye nikapewa blauzi ya hariri yenye doa la chai. Kabla sijaigusa nikajaribu siki kwanza kwenye upindo wa ndani, mahali pasipoonekana, nikasubiri nione kama kitambaa kitakubali. Ndivyo tunavyofanya. Dobi anayemwaga dawa moja kwa moja mbele ya nguo ya mtu hastahili hata kushika kibanio.

Nilisimama pale, blauzi mkononi, uso ukiwaka kama jiko. Kuna wazo lilitaka kunijia. Halikufika.

Jumamosi zimebaki siku tatu. Macho yanawasha.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siku yangu. Saa kumi na mbili asubuhi nikatazama kioo. Shavu la kulia linavumilika. La kushoto ni janga: vipele, wekundu, na mpaka ulionyooka kabisa pale siki ilipoishia. Kazi safi, lazima nikiri.

Nikachukua poda ya mke wangu. Akaniambia ina manukato, na kwamba masharti nimeyabandika mwenyewe ukutani. Nikamwambia leo si siku ya masharti, leo ni vita. Akasema vita na nani? Nikashindwa kumtaja adui, maana alikuwa ananitazama kutoka kwenye kioo.

Mkakati wa kaunta: kusimama upande. Wateja waone shavu la kulia tu. Nikasimama hivyo tangu tunafungua, shingo imekakamaa kama picha ya kwenye sarafu. Mteja akisogea kushoto, nami nageuka. Mteja mmoja alinizunguka mara mbili akitafuta mtu wa kuzungumza naye.

Ugumu ulikuwa nguo. Zinaning'inia nyuma, upande wa kushoto. Kugeuka ni kuonyesha janga. Nikawa nanyoosha mkono nyuma bila kutazama, napapasa, navuta, nakabidhi, tabasamu la kulia, asante, karibu tena.

Saa tisa poda ikaanza kuchoma. Sikujikuna! Nilishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nikahesabu hanga. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, miwani puani, akiandika kitu. Kila nikimtazama anaandika.

Ananisifu tu, naamini. Wateja ishirini na sita, hakuna aliyeniuliza kama nimelewa. Mmoja aliuliza kama naumwa shingo.

Jumamosi hiyo hapo.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Siku ya Sahani. Saa tatu tu nikachungulia kupitia pazia. Anacheka na wateja! Anawakumbuka kwa nguo zao: koti la kijivu, karibu, shemeji wa mapazia, hujambo. Mama anaandika kidogo sana.

Ikabidi nichukue hatua. Najua kitu kimoja kuhusu uso kuliko watu wote duka hili: najua jinsi ya kuuharibu. Chakula chake huwa kwenye kopo la bluu juu ya kabati. Nikatia pilipili ya unga, ile ya mke wangu iliyobaki mkobani tangu kabla ya masharti. Vijiko viwili, kisha kimoja cha msisitizo. Nikakoroga vizuri, nami si mtu wa kazi nusunusu.

Saa saba Sahani akaja nyuma, akafungua kopo, akachukua vijiko viwili. Akasema, kaka, jana ulifanya kazi ngumu, leo huli peke yako. Karibu tule.

Nikasema nimeshiba. Akauliza umeshibaje na kopo lako bado limefungwa. Nikasema tumbo. Wakati huo huo Mama akaingia, akasema, haya, kuleni upesi, mmoja arudi mbele. Akabaki amesimama mlangoni. Ananitazama. Mtu anakualika chakula chake, bosi anaangalia, utakataa unasema nini? Kwamba unajua kilichomo?

Nikala.

Sahani alitafuna, akasema, leo mke wangu kanikumbuka, nampenda mtu wa pilipili. Akala mpaka akakwangua kopo. Uso wake: sahani. Hata jasho hakutoa!

Mimi nikarudi mvukeni. Sasa hapa naandika bila mzaha. Uso ulilipuka wote, mpaka masikio. Macho yakajaa maji, yakachoma, nikayafumba, nikayafumbua, sioni. Mashine kubwa ya kupigia pasi suruali ina mfuniko wa chuma. Unatandaza nguo kwa mkono, unakanyaga, mfuniko unashuka. Miaka kumi na moja nafanya hivyo, mguu haunisubiri nifikirie. Nikatandaza. Nikakanyaga.

Mkono ulikuwa bado ndani.

Mtu akanivuta bega kwa nguvu, tukaanguka wote wawili juu ya kapu la mashuka. Mfuniko ukatua, fshhh, juu ya suruali peke yake. Alikuwa Sahani, amefuata suti ya mteja. Anahema. Kaka, huoni? Kaka, tangu lini huoni?

Nikamwambia ni vumbi.

Alinishika mkono, akaugeuza geuza, kidole kwa kidole, kama mtu anayehesabu nguo zilizoletwa. Vyote vitano. Kisha akatoka nje, nikamwona akipiga simu.

Sahani angeniacha sekunde moja tu, kaunta ingekuwa yake bila mpinzani. Lazima kuna jambo analipanga.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimefika dukani, nani kakaa kwenye kiti cha wateja? Mke wangu. Mkoba magotini. Sahani ndiye aliyempigia jana. Nilijua analipanga!

Na kumbe ameshamaliza kusema. Kasema yote: daktari, mvuke, macho, siki. Hata siki! Mama akavua miwani. Sijawahi kumwona bila miwani. Macho yake ni madogo, yamechoka.

Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikasema nilihofia. Akauliza nilihofia nini, nikasema uso wangu. Akasema, baba, uso wako nauona kila siku mwaka wa kumi na moja huu. Uliniambia ni bidii, nikaamini.

Kisha akasoma alichokuwa akiandika Alhamisi. Orodha! Mwalimu mkuu mstaafu alikabidhiwa sketi ya marinda ya zambarau. Bibi harusi kapewa ovaroli mbili za gereji. Watu saba walirudi jana kubadilishana nguo, Sahani akawatuliza mmoja mmoja. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa.

Kaunta amepewa Sahani. Sahani hakuiomba hata kidogo. Jumatatu alimwambia Mama anipe mimi, bila kutaja kwamba mvuke unaniumiza. Aliona. Na siku ile ya chupa ya maji alikuwa anamaanisha maji.

Nami, kuanzia keshokutwa, ninahamia meza ya kukunja na kufunga nguo, chumba cha kando. Madirisha mawili, upepo unapita, mvuke haufiki. Mama kasema kama angelijua jambo hili, ningekuwa nimeshahamia Jumatatu iliyopita. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu sana. Hakusema chochote mpaka nyumbani. Nyumbani akasema.

Macho yamesalimika. Mkono pia. Nimemshukuru Sahani. Akasema usijali kaka, ila ukipata nafasi muulize shemeji alikoipata pilipili ile, mke wangu kasema si yake, nimeitafuta sokoni siioni.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimetulia. Nimetafakari wiki nzima kwa utulivu na nimefikia ukweli: nilishindwa kwa sababu ya poda. Ilikuwa rangi isiyonifaa. Kwa poda sahihi ningesimama mbele kwa mbele na wateja, nguo ningeziona, sketi isingetoka.

Kazi mpya, sura mpya. Jirani yetu muuza vipodozi anayo barakoa ya udongo inayovuta wekundu wote kwa dakika ishirini, kasema mwenyewe. Ina karafuu na limau. Mke wangu yuko kwa dada yake hadi jioni. Nyuma ya sikio ni eneo dogo mno kuwa na maoni, kwa hiyo nimepaka yote usoni, tabaka tatu. Inachoma kwa namna ya matumaini. Kesho atakayeniona kwenye meza ya kukunja hataamini.

Nimepita dukani mchana huu kuiangalia hiyo meza kupitia dirishani. Imeelekea ukutani.