Velveti Haigeuzwi

Jumatatu, 3 Novemba

Kipusa sasa hivi ameingiza mguu kwenye mkono wa joho, akaanguka, akacheka, akaukojolea. Mwanangu! Nimembusu kwanza. Mkono nimeuanika baadaye.

Ni joho la mfano, nimelishona kwa pazia. Chekechea ya mtaani inataka majoho ya mahafali Jumamosi. Wifi amesema nikiikosa kazi hii anakuja kuchukua cherehani yake, amechoka kuiona imefunikwa shuka kama mgonjwa. Bila cherehani mimi ni Mama Kipusa tu. Nataka kuitwa fundi!

Baadaye. Nimelipeleka hivyo hivyo, bichi. Fundi Pasi, jirani wa ng'ambo ya barabara, alishanitangulia. Joho lake limenyooshwa hadi linaweza kukata mkate. Basi nikatoa historia! Nikamweleza mwalimu mkuu kwamba wasomi wa zamani walivaa majoho kwa sababu ya baridi ya majengo ya mawe, fahari ilikuja baadaye. Na jaji akivaa lake, mtu anapotea, kazi ndiyo inabaki. Mume wangu aliyasikia redioni. Mwalimu akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema mpaka nilipoolewa. Alicheka mpaka miwani ikadondoka. Kazi yangu!

Jumatano, 5 Novemba

Velveti nyeusi imefika. Laini! Fundi Pasi amechungulia dirishani, eti velveti ina manyoya kama paka, nikikata niyalaze yote upande mmoja. Wivu huo. Nimekata joho moja kichwa juu, jingine kichwa chini, ili yabanane. Kitambaa kimetosha na kubaki. Kipusa naye amepata kijoho. Amekataa kukivua hata kuoga.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa! Nimeyatundika kambani, juani. Nusu meusi tii. Nusu yanameremeta kijivu. Kitambaa kile kile! Nimeyapiga brashi, nimeyapuliza, nimeyasihi. Mume wangu amesema labda ni macho yangu, kisha akakumbuka ana shughuli nje.

Nimelia kidogo. Kipusa akanifuta machozi kwa kijoho chake. Hapo hapo wazo likaja. Zamani joho lilionyesha cheo cha mtu!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepeleka. Nimesema meusi ni ya waliohitimu, yanayong'aa ni ya waliohitimu vizuri zaidi. Mwalimu mkuu amefurahi mno, akaniita fundi. Fundi! Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu, watu wanione.

Jumamosi, 8 Novemba

Sitaki hata kuandika.

Wazazi wa watoto wa meusi walitaka kujua watoto wao wamefeli nini. Kufeli chekechea! Dereva wa lori akamvua mtoto wa muuza mkaa joho linalong'aa amvike wake. Muuza mkaa akavuta upande wa pili. Mkono wa joho ukabaki kwake. Mwalimu mkuu akaniuliza mbele ya watu mambo ya vyeo nimeyatoa wapi. Wifi alikuwa kiti cha mbele.

Fundi Pasi ndiye aliyesimama. Akasema watoto waingizwe ndani, jua ndilo linaloleta fitina. Wakaingia. Majoho yote meusi tii! Watu wakapiga makofi, wakampigia yeye.

Wifi amekata shauri. Cherehani inahamia kwa Fundi Pasi, nami nikiitaka niifuate huko nikafundishwe. Fundi Pasi amekubali, mradi nisiguse mkasi.

Jumatatu, 10 Novemba

Siku ya kwanza kwa Fundi Pasi. Ninafumua nyuzi tu. Kipusa yuko chini ya meza na kijoho chake, anahukumu vifungo.

Fundi ametoka kununua uzi. Mezani kuna velveti ya gauni la bibi harusi, na anaipoteza bure kwa kuilaza upande mmoja! Mgongo peke yake ukigeuzwa, kinabaki kitambaa cha kumshonea Kipusa koti. Nimegeuza. Nimekata. Nani atatazama mgongo? Akiuliza, nitasema magauni ya zamani mgongo ulikuwa unang'aa makusudi, maana yake ni kwamba bibi harusi

Amerudi. Ananiita. Anauliza mkasi nani ameu