Shikamoo Yako Imeingia kwenye Tovuti

Jambiani, Jumatano

Kwa Mahfoudh, mtoto wa kaka yangu,

Nnakuandikia nikiwa mzima, ila si kama shangazi yako. Nnakuandikia kama Katibu wa kikundi chetu cha akina mama wa sabuni ya mwani, kuhusu ile misimbo, yaani maandishi ya kuiamuru kompyuta, unayonitumia kwa barua pepe kutoka mjini ili niibandike kwenye tovuti yetu. Malalamiko ni haya:

1. Unaandika kwa maandishi matupu, kwa kuwa, ulivyosema, ndiyo yanayofika upesi kwa mtandao wa huku. Sina ugomvi na hilo. Lakini maandishi matupu hayana rangi wala wino mzito, na wewe huweki alama yoyote. Salamu, msimbo na habari za mjini vyote vimefuatana juu mpaka chini. Nitajuaje wapi unasema wewe na wapi inasema kompyuta?

2. Jumatatu, mbele ya kikao, nilinakili yote nikabandika. Tovuti ilipofunguka, juu ya picha ya sabuni palisomeka: "Shikamoo shangazi. Mguu umepoa? Usimwambie mama, nimeshapata mchumba, anaitwa Tahiya, wa Mlandege." Mama yako alikuwa amekaa mbele kabisa. Alisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza, "Wifi, na huyu Tahiya naye anauzwa?" Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa kikao, ilinibidi swali hilo niliingize kwenye kumbukumbu.

3. Nilipokupigia simu ulinijibu, "Shangazi, msimbo unajulikana tu, una mabano." Mahfoudh, wewe hata ukicheka unaandika mabano, hivi :))

Kwa hiyo kikundi kinakutaka, juu ya msimbo uandike MSIMBO UNAANZA, na chini yake MSIMBO UMEKWISHA. Utuletee kwanza picha ya ukurasa utakavyotokea, kabla hatujaubandika. Habari za mguu wangu zikome. Habari za wachumba zikome. Na ili kuondoa shaka kabisa, hata shikamoo usiandike tena; hesabu kwamba nshakuitikia marahaba ya mwaka mzima.

Mama yako anakusalimia, ingawa hakusema hivyo. Kikundi kizima kinakusalimia, na kinamsalimia Tahiya.

Wako katika kazi za kikundi,
Kazija Simai,
Katibu

Tanbihi: Barua hii ilikuwa haijaondoka, ikaingia yako ya leo. Naona mwenyekiti wetu, Bi Mardhiya, alishakufikishia ujumbe. Imepangwa vizuri sana: mwanzo una alama, mwisho una alama, picha ya ukurasa ipo, salamu hamna hata moja. Nimebandika, tovuti imetoka safi. Mama yako, ambaye tangu Jumatatu hajakutaja jina, akasogea kwenye kompyuta akauliza, "Anasemaje?" Nilitafuta juu mpaka chini, sikuona la kumwambia. Basi naomba usiifuate barua hii. Andika kama ulivyokuwa ukiandika, na habari za Tahiya uziandike kwa urefu. Nitabandika yote, mama yako atasoma mwenyewe.