Shaabani bin Maneno na Ngazi ya Dungu

Jongeeni, enyi mnaotwanga na mnaopepeta, tueni michi na nyungo zenu, na watoto walio migongoni wanyamaze. Kwa maana yanasimuliwa hapa mambo makubwa yaliyotukia Ikwiriri katika zama za Mwingereza, wakati Bwana Shauri akikaa Utete na kudhani kuwa ndiye mtawala wa nchi, ilhali mtawala wa nchi alikuwa sukari. Yasikieni mambo ya Shaabani bin Maneno, Simba wa Sindano, Mkanyaga Chuma, fundi wa kanzu na kaptura, aliyepigana na kikombe cha chai akashindwa, akarudi vitani akashindwa tena, na hatimaye akapanda ngazi.

Dungu, kwa asiyelima mpunga, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Watu wa Rufiji huhamia humo mpunga unapoanza kuzaa, wakakaa na vyungu na mikeka yao, kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Mwaka wa nyuma shujaa wetu alitia mguu kwenye ngazi ya dungu lake, na ngazi, ilipouona ukubwa wa jeshi lililoikabili, ikasalimu amri ikakatika. Yeye akarudi mjini akichechemea, na mkewe, Mwanamina, akalinda mpunga peke yake mpaka mavuno.

Mbegu za mwaka mpya zilipokuwa zinamwagwa, Mwanamina alisimama mbele ya cherehani, akatangaza vita.

"Baba Tabu," alimwita kwa jina la binti yao, "dresa wa zahanati kakwambia upunguze sukari na mafuta, utembee, moyo wako umechoka. Umecheka. Haya, cheka. Lakini mpunga ukizaa, mimi silindi peke yangu tena. Ama upande dunguni kwa miguu yako, ama unitafute Chumbi kwa kaka zangu."

Shaabani aliogopa. Alimpenda mkewe kuliko cherehani, na cherehani aliipenda sana. Akainuka, akaweka mkono juu ya gurudumu la chuma, akanguruma:

"Ewe Mwanamina binti Abdala! Naapa mbele ya chombo hiki kinilishacho, kuanzia kesho alfajiri sukari haitapita katika koo hili, na kila jioni miguu hii itakwenda bondeni na kurudi!"

Kesho yake, kwa kuwa ulikuwa msimu wa harusi, vitambaa vilirundikana hadi dirishani. Wazo la kutembea lilikuja, likakuta foleni ya wateja, likaondoka. Kisha akatokea Bashiru, tarishi wa serikali, na kaptura iliyopasuka, na nyuma yake Sikudhani muuza chai, na birika na sahani ya vitumbua. Maana katika mji ule mteja hamhimizi fundi kwa mdomo, humhimiza kwa chai, na chai yenyewe hutiwa sukari kwa kadiri ya haraka ya mwenye nguo. Bashiru alikuwa na haraka sana.

"Iondoe mbele yangu, ndugu yangu," Shaabani aliinua kiganja. "Sukari nimeacha."

"Umeacha? Kuna msiba?"

"Dresa kanikataza."

Bashiru akaivua kofia ya serikali, akaishika kifuani. "Fundi! Mimi nimetumwa mpaka Mohoro kwa miguu, nimevuka maji yenye mamba, na hakuna mwanadamu aliyenikatalia kikombe. Leo wewe, niliyetoka nawe jando moja, unanikatalia mbele za watu kwa maneno ya dresa? Kama una neno nami, liseme."

Wateja wote wakamtazama Simba wa Sindano. Akanywa, kwa ajili ya amani ya mji. Vitumbua navyo vikatekwa kimoja kimoja, wala hakuna aliyebaki kusimulia. Na ilivyokuwa kwa Bashiru ndivyo ilivyokuwa kwa waliofuata, na kwa siku zilizofuata. Jioni, alipojikaza kuelekea bondeni, madereva wa malori walimhurumia wakampakia.

Hata Ijumaa moja Sikudhani akaweka kikombe mezani, akarudi nyuma haraka. Chai ilikuwa kavu, haina hata chembe ya sukari.

"Birika nimeikosha vizuri, fundi," alisema. "Mimi nisihusike."

Shaabani hakuelewa. Jioni lori likampita, na dereva akatoa kichwa dirishani: "Siwezi, fundi! Miko yako siiweki garini mwangu!" Asubuhi Bashiru akaja na muhogo wa kuchoma, ananong'ona. "Ungesema mapema kama una miko. Umeniacha nakulisha vitumbua, yangenikuta mimi!"

Kumbe habari ilikuwa imeenea mji mzima kwamba mganga mzito kutoka visiwani amempa Shaabani miko: asionje sukari, asipande chombo, mpaka auone mpunga wake kutoka juu, na atakayemvunjia miko hiyo tumbo lake litavimba. Anayekataa chai kwa neno la dresa ni mwenye kiburi, lakini mwenye miko haulizwi. Shaabani akafungua kinywa ili akanushe, kwani hakumjua mganga yeyote. Akamkumbuka Mwanamina na Chumbi, akakifunga.

Msidhani hakuyumba. Siku moja alinyata hadi dukani kwa Mhindi, akaomba sukari kidogo tu, ya mgeni.

"Nenda zako, bwana fundi," mwenye duka alisema, akavuta gunia nyuma yake. "Mimi nina watoto."

Basi alizingirwa pande zote, na kwa kuwa hakuwa na pa kutorokea, akawa mwenye afya. Akatembea. Akaitia kanzu yake mshono ubavuni, kisha akautia mwingine ndani ya ule wa kwanza.

Mpunga ukazaa. Shaabani akasimama chini ya dungu, mbele ya ngazi mpya ya mti wa mkoko. Akavua viatu, akataja jina la Mungu, akaweka mguu. Ngazi ikalia. Akapanda, ikalia tena, jasho likamtiririka, ndege wakatulia kutazama. Naye hakurudi nyuma, hadi goti lake likagusa mkeka.

Mwanamina akammiminia chai kavu.

"Mama Tabu," alisema akihema, "mimi sikwenda kwa mganga yeyote. Watu wamezua."

"Najua. Mganga ni mimi. Nilimwambia Sikudhani peke yake, tena kwa siri." Akageuza uso kando. "Mwaka jana nilipiga debe kufukuza ndege mpaka mkono ukavimba. Nguruwe wakija usiku, sina wa kumwita. Nilitaka mtu wa kumwita."

Shaabani akakitazama kikombe chake. Akauliza, "Na miko inaisha lini? Mpunga si nimeshauona?"

"Mganga hajasema."

Basi na wajue walio Utete na walio Mohoro, na vizazi vitakavyolima bonde lile, kwamba siku hiyo Shaabani bin Maneno, Mshinda Ngazi, alikunywa kikombe kichungu mpaka tone la mwisho, akatwaa debe, akalipiga kwa nguvu zake zote, na ndege wa bonde zima wakaruka. Mwanamina akajinyoosha kwenye mkeka, pembeni ya kelele zile, akalala mpaka alasiri.